BMW E90 ya Mkononi Arusha na Moshi: Ukague Nini, Kinaharibika Nini, Utenge Shilingi Ngapi

Muuzaji aliniambia nifike Njiro saa nne. Nilifika saa mbili na nusu, makusudi, nikamkuta bado anafuta vumbi kwa kitambaa. "Mbona mapema hivyo kaka?" Nikaweka kiganja juu ya boneti: baridi, na umande wa usiku bado upo. Nikaomba ufunguo niwashe mwenyewe. Injini ilipopokea ikatoa mlio wa sekunde mbili tatu, kama kokoto ndani ya kopo, halafu ikatulia ikawa kama cherehani. Ningefika saa nne ningekuta cherehani tu. Kokoto zile zilikuwa cheni ya taimingi, na gari lile la milioni 12 lilikuwa linadai karibu milioni mbili kabla hata sijalipeleka kuoshwa. Nikashukuru, nikaondoka.

Wiki tatu baadaye nilinunua jingine Moshi, 323i ya 2007, milioni 13. Mwaka wa kwanza lilinila milioni nne na ushee. Sijutii, kwa sababu milioni nne zile nilikuwa nimeshazitenga. Wanaojuta E90 ni wale waliomaliza pesa yote siku ya kununua.

E90 ni BMW ya "series 3", ile sedani iliyotengenezwa kuanzia 2005 hadi 2011, sura ikaguswa kidogo 2008. Nyingi zetu zimetoka Japani zikiwa na usukani kulia na giaboksi ya otomatiki. Leo unaipata kwa bei inayokaribiana na ya IST nzuri, na hapo ndipo watu wanapoteleza: wanalinganisha bei ya kununua, wanasahau kwamba spea zake hazijawahi kushuka zikawa za IST. Chuma cha gari hili ni kizuri. Kinachokufa ni mpira na plastiki, na kwa kuwa vyote vilizaliwa siku moja, vinafikia mwisho kwa pamoja. Mwenye gari wa kwanza kule Japani alilifurahia likiwa jipya. Wewe unapokea zamu ya mipira.

Hatua ya kwanza: jua ni injini gani

Maandishi ya nyuma hayatoshi, watu hubandika wanachotaka. Chukua herufi na tarakimu saba za mwisho za namba ya chasisi, ziingize kwenye tovuti yoyote ya kusoma chasisi za BMW, utaona mwezi lilipotengenezwa, injini na vifaa lilivyotoka navyo kiwandani.

Kwa huku kwetu utakutana zaidi na mbili. 320i nyingi zina N46, silinda nne, lita 2.0. Halafu kuna N52, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, iliyoko kwenye 323i na 325i za lita 2.5, na 330i ya lita 3.0. Dalali atakusukuma kwenye 320i kwa maneno ya "inakula mafuta kidogo". Mimi ningeweka pesa kwenye N52. Tofauti ya mafuta kwa mtu anayezunguka Sakina, mjini na Njiro si kubwa kiasi hicho, na N46 ina magonjwa mawili, ya cheni na ya sili za valvu, ambayo N52 haiyapati kwa kiwango kile.

Tena tuko juu. Arusha mjini ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 hadi 15 ya nguvu kwa hewa hii nyembamba. 320i iliyo nzuri kabisa Dar itaonekana nzito kidogo ukipanda Ilboru. Usikimbilie kusema limeharibika.

Hatua ya pili: ukaguzi wa asubuhi

Gari liwe limelala. Hili halina mjadala. Ukikuta limeshawashwa, mwambie muuzaji kwa heshima kwamba utarudi kesho alfajiri.

Kabla ya kuwasha, fungua boneti na utumie pua. Harufu ya oili iliyoungua ni gasketi ya kava la valvu inayodondoshea ekzosi. Harufu tamutamu ni kulanti. Fungua kifuniko cha tangi dogo la maji likiwa la baridi: rangi inapaswa kuwa ya bluu au ya kulanti nyingine inayoeleweka. Ukikuta maji meupe ya bomba, jua kuna mtu alikuwa anajazia, na mtu hajazii maji gari lisilovuja. Ukikuta kitu kama chai ya maziwa, funga boneti nenda nyumbani.

Kwenye N46 kuna kijiti cha kupimia oili. Kitoe, uone kama oili ipo. N52 haina kijiti, kiwango kinasomwa kwenye dashibodi injini ikiwa ya moto, kwa hiyo hapo subiri hadi mwisho wa safari ya majaribio.

Washa. Sikiliza sekunde tano za kwanza bila kuongea na mtu. Kokoto kwenye N46 ni cheni. Tikitiki nyepesi kwenye N52 za miaka ya mwanzo mara nyingi ni tapeti za haidroliki ambazo hazijajaa oili vizuri, hasa kwa gari la safari fupifupi. Inaudhi lakini haiui. Ukisikia mlio kama filimbi kutoka juu ya injini, na ukifungua kifuniko cha oili mlio unabadilika, basi mfumo wa kutolea hewa chafu ya injini umepasuka. Kwenye N52 nyingi kipande hicho kimo ndani ya kava la valvu lenyewe, kwa hiyo unabadilisha kava zima.

Hatua ya tatu: barabarani

Zunguka angalau dakika 40. Ukiwa Arusha, toka mjini hadi Tengeru, geuza, kisha upande Ilboru. Ukiwa Moshi, nenda hadi Himo halafu upandishe Marangu. Mlima ule ni daktari wa mfumo wa kupoza.

Kwenye matuta, zima redio. Mlio wa "tok" chini ya miguu yako ni bushi za amu, vile vyuma vinavyoshika mguu wa tairi ya mbele. Shika usukani kwa vidole viwili tu, ufunge breki ukiwa kilomita 80 kwa saa: ukitetemeka, ni bushi zilezile au diski zilizopinda. Giaboksi ya otomatiki ikibadilisha kutoka pili kwenda tatu isikupige mgongoni, na ukikanyaga mafuta ghafla isikae ikiwaza sekunde mbili.

Ukirudi, usizime. Hiki ndicho kipimo kinachomkasirisha muuzaji wa N46: liache liungurume pale pale dakika 15, pigeni stori za mechi, halafu mwombe mtu akanyage mafuta kwa nguvu mara moja huku wewe umesimama nyuma. Likitoa wingu la bluu linalofunika mlango wa jirani, sili za valvu zimekauka. Likiwa safi, umeokoa pesa nyingi kwa gharama ya robo saa.

Hatua ya nne: mashine

Hapa watu wengi hubana shilingi elfu 40, wakaja kulipa milioni. Tafuta fundi mwenye mashine inayoongea na BMW kwa undani. Hivi vidude vidogo vinavyosoma kila gari vitakuonyesha injini tu, na E90 ina makompyuta mengi: la injini, la giaboksi, la taa na vioo, la ufunguo. Yote yasomwe. Kama kumbukumbu imefutwa asubuhi ile, kutakuwa na ukimya wa kutia shaka kwenye gari la miaka 17. Fundi asome, muendeshe kidogo, asome tena.

Mwombe pia asome kilomita kwenye dashibodi na kwenye kompyuta la ufunguo. Anayerudisha nyuma kilomita mara nyingi hugusa dashibodi tu. Gari moja nililopelekwa kuangalia lilisema 78,000 kwenye dashibodi na 161,000 kwenye kompyuta la ufunguo. Mwenye nalo alishangaa zaidi yangu, na nadhani alishangaa kweli.

Makaratasi nayapitia haraka kwa kuwa ni yaleyale ya gari lolote: kadi iwe halisi na jina lihakikiwe TRA, namba ya chasisi kwenye kadi ilingane na ya kwenye kioo cha mbele na ndani ya boneti, deni la faini za trafiki liangaliwe mtandaoni kwa namba ya gari, na mauziano yaandikwe mbele ya wakili. Ila ongeza moja: E90 nyingi zimo kwenye wito wa kubadilishiwa eabegi za Takata, zile zinazoweza kurusha vipande vya chuma zikilipuka. Ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya BMW uone kama la kwako lilishabadilishiwa Japani kabla halijapanda meli.

Sasa magonjwa yenyewe. Bei nitakazotaja ni zile tulizolipa mimi na wenzangu wachache wenye magari haya huku Kaskazini, spea za kampuni zinazoeleweka pamoja na ufundi. Zichukue kama za kupangia bajeti, kwa sababu spea hizi zinafuata dola.

Maji: anza hapa, usianze kwingine

E90 haina mshale wa joto la maji. Hebu fikiria hilo. Tumezoea Toyota, mshale ukipanda unapaki chini ya mti, unasubiri. Huku utaendesha bila habari yoyote hadi taa ya njano iwake, kisha nyekundu, na ikifika nyekundu hedi iko hatarini.

Injini hizi zimepangwa kutembea zikiwa za moto sana, kwenye mwendo wa kawaida kulanti hufikia digrii 105 hivi. Maji hayachemki kwa joto hilo kwa sababu mfumo umefungwa na una presha. Lakini Arusha, kwa urefu wetu huu, maji yaliyo wazi huchemka karibu digrii 95. Maana yake ni kwamba uhai wa injini unategemea kifuniko kidogo cha plastiki chenye ringi ya mpira kushika presha. Kikilegea, gari linachemsha hata kama pampu na rejeta ni nzima. Nilishaona watu wakibadilisha rejeta mara mbili kumbe kosa ni kifuniko cha elfu 60. Kibadilishe wiki ya kwanza, usikipime.

Kwenye N52 pampu ya maji ni ya umeme. Haivuji kwanza kama za zamani, inakufa tu, mara nyingi ikiwa imekula kilomita kati ya laki moja na laki moja na nusu hivi. Kama muuzaji hana risiti ya pampu, hesabu kwamba haijabadilishwa. Pampu na themostati hubadilishwa pamoja, kwa sababu kazi ni ileile: milioni 1.1 hadi 1.5. Boliti zinazoshika pampu ni za alumini, zinafungwa mara moja tu, zinunuliwe mpya. N46 ina pampu ya kawaida ya beliti, na pamoja na themostati utatoka na laki nne hadi sita. Tangi dogo na mabomba ya juu, ongeza laki tatu.

Kutoa hewa baada ya kazi ndiko mafundi wengi wanakobahatisha. Fundi mmoja alinimalizia kazi, akawasha gari boneti wazi, akawa anajazia maji ya bomba kwa kopo huku injini inaunguruma, kama tunavyofanya kwenye Corolla. Nikamwambia, "Fundi, hili halitolewi hewa hivyo." Akanijibu, "Bosi, maji ni maji." Tulikosana kidogo.

Kwa N52 njia ni hii. Funga chaja kwenye betri, kwa sababu pampu itakula umeme. Jaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled) hadi alama ya juu, funga kifuniko. Washa swichi bila kuwasha injini, weka hita kwenye joto la mwisho na feni kwenye mwendo wa chini kabisa. Kanyaga mafuta hadi chini, shikilia sekunde 10, achia. Utasikia pampu inaanza kuunguruma yenyewe, itaendelea kama dakika 12 ikijitoa hewa. Ikisimama, fungua kifuniko, ongeza palipopungua.

Na hii itakusaidia kila siku: joto unaweza kuliona kwenye dashibodi, limefichwa tu. Washa swichi, bonyeza kitufe cha kurudisha kilomita za safari kwenye sifuri, ushikilie kama sekunde 10 hadi menyu ya majaribio itokee. Nenda namba 19, ambayo ni kufuli. Kufuli linafunguliwa kwa jumla ya tarakimu tano za mwisho za chasisi: kama ni 41726, basi 4+1+7+2+6 ni 20. Ukishafungua, nenda namba 7, pale palipoandikwa KTMP. Hiyo ndiyo joto la kulanti. Ukizima gari inajifunga, inabidi urudie, lakini kwa mlima ni bora kuliko sala.

Oili: inayovuja na inayoliwa

Kuvuja kwanza. Sehemu ni mbili: gasketi ya kava la valvu, na gasketi ya nyumba ya chujio la oili. Ya pili ni kipande cha mpira cha bei ya chipsi kuku, na ndicho kinachoua injini za N52. Oili ikichuruzika kutoka pale inaangukia beliti. Beliti ikilowa inateleza, inachanika, na nyuzi zake huweza kuvutwa hadi nyuma ya puli ya krenki, zikapenya sili na kuingia ndani ya injini. Kwa hiyo ukiona unyevu upande wa mbele wa injini, usiseme "nitaiangalia mwezi ujao". Laki moja na nusu hadi laki mbili, kazi ya nusu siku. Kava la valvu: gasketi peke yake laki mbili na nusu hadi tatu na nusu, kava likiwa limepasuka, karibia laki tisa.

Kwenye N46 ongeza pampu ya vakyumu nyuma ya hedi, nayo hupenda kulia machozi ya oili.

Kuliwa ni habari nyingine. N46 yenye sili za valvu zilizokauka inaweza kumaliza lita moja ndani ya kilomita elfu au chini ya hapo. Sili zenyewe ni rahisi, ugumu ni ufundi, kwa kuwa mfumo wa valvu wa BMW unahitaji vifaa maalumu vya kubanulia springi. Fundi asiye navyo atakwambia "tushushe hedi". Mwenye navyo anafanya hedi ikiwa juu. Laki saba hadi milioni moja. Na kama ndiyo uko ndani, kagua cheni na vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikifunguliwa ukakuta vibanzi vya plastiki ya kahawia, hilo ni jibu. Cheni na viongozi vyake vyote: milioni 1.2 hadi 1.7. Ndiyo maana ile ya Njiro niliiacha.

Oili yenyewe iwe na idhini ya BMW, iliyoandikwa Longlife-01 kwenye kopo, 5W-30 au 5W-40. Kiwanda kiliruhusu masafa marefu mno kati ya kumwaga na kumwaga. Kwa vumbi la Kisongo na foleni ya Kilombero, mimi namwaga kila kilomita 8,000. N52 inabeba lita 6.5, kwa hiyo kopo la lita nne halitoshi, jiandae.

Giaboksi

Utaambiwa oili ya giaboksi ni ya maisha. Ni ya maisha ya nani, hawasemi. ZF, ambao ndio waliotengeneza giaboksi za nyingi ya gari hizi, wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Chungulia chini: sampu nyeusi ya plastiki ni ya ZF, na chujio limejengwa ndani yake, hivyo unanunua sampu nzima. Sampu ya chuma ni ya GM, na oili yake ni tofauti. Usikubali fundi aje na oili moja ya "kila otomatiki".

Hakuna kijiti cha kupimia. Kiwango kinapimwa injini ikiwa inaunguruma, oili ya giaboksi ikiwa karibu digrii 40 kwa mashine, kupitia boliti ya pembeni. Laki nane hadi milioni 1.2. Wakishafungua, mwambie fundi abadilishe na kile kimpira kinachopitisha plagi ya umeme kuingia giaboksini, kwani huvuja taratibu na hulioni tone hadi gia zianze kugonga.

Chini ya gari

Hapa barabara zetu ndizo zinazolipisha. Gari lina nafasi ya kama sentimita 14 tu kutoka ardhini, la "M Sport" ni chini zaidi, na matuta yetu mengine yamejengwa na mtu mwenye hasira. Bushi za amu za mbele zina kimiminika ndani; zikipasuka utaona chuma kimelowa weusi. Kubanwa bushi mpya pande zote mbili ni laki mbili na nusu hivi. Ukibadilisha amu zote nne za mbele zikiwa na bushi na bolijointi zake, milioni moja hadi 1.4, na utahisi umenunua gari jingine. Bandia za bei ya nusu zilinidumu miezi saba.

Tairi: lilitoka kiwandani na zile zinazotembea zikiwa hazina upepo, kwa hiyo halina tairi ya akiba. Ubavu wake ni mgumu, na kwa mashimo yetu zinapasua rimu. Wengi tumeweka tairi za kawaida, lakini basi lazima ubebe akiba kwenye buti, jeki, pampu ndogo ya upepo, pamoja na pembetatu na mtungi wa kuzimia moto vya trafiki.

Umeme

Karibu kila hadithi ya "BMW ina shida ya umeme" ninayoisikia huanzia kwenye betri iliyochoka. Betri iko kwenye buti, upande wa kulia. Ikishuka sana, halafu mtu akaja na nyaya za kuamshia, kompyuta la taa na vioo linaweza kupoteza kumbukumbu papo hapo: vioo havishuki, taa zinawaka zenyewe au haziwaki kabisa. Wapo mafundi wanaoliandika upya kwa laki mbili hadi tatu, usikubali haraka kununua la mtumba.

Betri mpya ni laki tatu na nusu hadi sita kutegemea aina, na lazima isajiliwe kwenye kompyuta la gari. Isiposajiliwa, altaneta itaendelea kuichaji kama kizee kile cha zamani na itakufa mapema.

Taa ya nyuma ikiwaka hafifu au dashibodi ikilalamika kuhusu taa huku globu ni nzima, toa plagi ya taa ya nyuma uangalie waya wa kahawia. Utakuta pini imeungua. Elfu 20 kwa fundi umeme, kazi imeisha. Koili za plagi ni laki moja na zaidi kidogo kwa moja. Silinda ikikosa, hamisha koili kwenda silinda nyingine uone kama kosa linahama nayo kabla hujanunua. Mbinu ileile inafanya kazi kwa solenoidi mbili za VANOS (mfumo wa BMW wa kubadilisha muda wa kufunguka valvu) mbele ya N52: mashine ikitoa 2A82 au 2A87, zibadilishane nafasi. Kila moja mpya ni karibu laki tatu, kwa hiyo kuhamisha kwanza ni akili. Zioshe pia. Za kwangu zilipona kwa kuoshwa tu.

Spea na fundi

Arusha tuna bahati ya kuwa katikati. Kariakoo wanakutumia kwa basi la usiku, asubuhi unapokea stendi. Namanga ni kama kilomita 110, na wapo wanaoagiza Nairobi kwa kuwa kule gari hizi ni nyingi zaidi; hakikisha tu mzigo umelipiwa ushuru mpakani. Ukiagiza, usitaje "spea ya 323i". Tuma chasisi na namba ya spea yenyewe. Vya mtumba nakubali milango, taa, vioo, hata kompyuta. Mipira, pampu ya maji na chochote cha plastiki kinachokutana na joto, mtumba hapana.

Fundi mzuri wa BMW utamjua kwa maswali. Akikuuliza namba ya chasisi kabla ya kukutajia bei, kaa. Akisema "hizi zote sawa", muage kwa adabu.

Mpangilio wangu kwa miezi mitatu ya kwanza, kwa N52 isiyo na risiti yoyote: wiki ya kwanza kifuniko cha maji, oili na chujio, kusoma mashine. Mwezi wa kwanza pampu na themostati. Mwezi wa pili gasketi mbili za oili na beliti mpya. Mwezi wa tatu giaboksi. Bushi zitangoja, kelele haijawahi kuua injini. Jumla inacheza kati ya milioni 2.5 na 3.5. Kama bei ya gari na hiyo milioni tatu havikai pamoja mfukoni mwako leo, mwambie dalali akutafutie Premio.

Jumapili iliyopita nilimpeleka shemeji Marangu msibani, watu watano garini na kreti mbili za soda kwenye buti. Nilifungua menyu tangu Himo. Ilipanda 101, 104, 106, ikakaa hapo hadi getini. Shemeji akauliza namba ile ni ya nini. Nikamwambia ni ya gari. Akasema alidhani ni redio.